Waya wa Boriti

Kengele ililia, na betri bado zilikuwa mezani, hazijatolewa hata kwenye karatasi yake ya dukani.

Mtu mwenye akili zake angeacha kila kitu papo hapo akatoka nje. Swabaha hakuacha. Alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya Tononoka, na walimu wa sayansi, Mungu awasamehe, hawaogopi kitu mpaka kiwafike shingoni. Aliitikisa ile kengele ya mlangoni aliyoigandisha juu ya boksi la viatu, akasema, "Ina umeme uliobakia," kisha akaendelea na kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa mchezo wa kufundishia saketi. Kila Jumamosi alasiri watoto wa darasa lake humjia nyumbani kwake Kibokoni, na siku ile alitaka waione saketi kwa macho yao. Waya mnene husimamishwa juu ya boksi, umepindwapindwa kama vichochoro vya Mji wa Kale. Mchezaji hushika mpini wenye pete ya waya, akaipitisha pete ile njia nzima bila kugusa. Akigusa, njia ya umeme imeungana, kengele inalia, ameshindwa. Basi, mchezo ni huo tu.

Taabu, kabla kengele haijalia hivyo, ilikuwa waya. Wa dukani ulikuwa laini, ukiupinda unalala. Swabaha akainua macho, akauona waya wa shaba umezungushwa kwenye boriti iliyo juu ya mlango wa chumba cha ndani, mweusi kwa moshi wa ubani wa miaka. Nyumba ile ilikuwa ya ukoo wa mumewe, na kila Shaabani mkwewe, Bi Mwanakuu, hupanda juu ya kiti akaifukiza boriti ile na kuipa salamu, naye Swabaha hugeuka kando asionekane akicheka. Siku ile Bi Mwanakuu alikuwa arusini. Swabaha akatwaa koleo, akaufungua waya, akausugua kwa ndimu na jivu mpaka ukang'aa, kisha akaukata vipande viwili, kirefu cha njia na kifupi cha pete.

Lahaula! Hata kumuuliza mwenye nyumba!

Watoto walipokuja, betri zilikuwa zimeshatiwa, na fujo ikaanza. Kengele iliwalilia wote kabla hawajafika kona ya kwanza.

"Trizah, mkono gani huo?" Swabaha akamtania mmoja wao. "Au umeshinda ukipura nguo?"

"Mwalimu, si mimi! Boksi ndilo latikisika!"

"Boksi halina miguu, Trizah. Mpe mwenzio."

Lakini boksi lilikuwa likitikisika kweli. Wote waliliona, wakadhani ni mmoja wao anayeigonga meza kwa goti.

Ikafika zamu ya Nasiha, binti wa pekee wa Swabaha, mtoto wa miaka tisa. Alipoushika tu mpini, mkono wake ulitulia. Pete ikapita kona ya kwanza, ikapita ya pili, ikapanda, ikashuka, wala Nasiha hakuwa akiitazama. Alikuwa akiitazama boriti. Ikafika mwisho bila mlio, na wenzake wakampigia makofi.

"Mashallah! Haya, weka chini, mwanangu."

"Mama," Nasiha akasema kwa sauti ndogo, "hautoki mkononi."

Kengele ikaanza kulia, na pete haikuwa imegusa kitu. Harufu ya udi ikajaa chumbani, na ndani ya udi ule mlikuwa na harufu nyingine, ya nywele zinazoungua. Watoto hawakungoja kuambiwa. Waliteremka ngazi mbiombio, na viatu vyao vikabaki mlangoni.

Swabaha akazitoa betri. Kengele ikalia. Akazikata nyaya zote mbili kwa koleo, akaibandua kengele na kuitupa kwenye kiti, nayo ikalia vile vile, imelala chali, haina pa kupata umeme. Akajaribu kuvikunjua vidole vya Nasiha kimoja kimoja, navyo vilikuwa baridi na vigumu kama vya maiti, na mtoto akilia, "Mama, waniumiza, mama." Hapo ndipo akili yake ya kialimu ilipomletea swali ambalo heri lisingemjia. Umeme haupiti pasipo njia. Je, njia yenyewe ni ipi? Akatwaa globu ndogo ya tochi yenye nyaya zake mbili, akaziegemeza nyaya zile kwenye mkono wa mwanawe.

Globu ikawaka.

Bi Mwanakuu aliporudi aliwakuta sakafuni, mama amempakata mwana. Akautazama mchezo pale mezani. Akaitazama boriti. Mkoba wake ukamponyoka.

"Swabaha," akanong'ona, "waya huo umeutoa wapi?"

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Hukujua nini? Hukuniona mimi kila mwaka nikipanda juu ya kiti kile na magoti yangu haya? Wadhani nilikuwa nikicheza?" Kisha hasira ikamwisha ghafla, akaanza kulia. "Astaghfirullah. Yule jini alifungwa boritini, hakuwa wa kufunguliwa. Yule alimmaliza nduguye babu, akiwa kijana."

Maalim Khubaib, anayesomesha watoto Kurani mtaa wa nyuma, alifika walipokwisha kuswali magharibi, na chetezo chake mkononi. Alisoma kwa muda mrefu. Kila aya iliyoisha kengele ilijibu kutoka pale kitini, mpaka Nasiha akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, ya chini na ya chuki.

"Nyamaza, Khubaib. Mimi sikuvunja mlango. Nilifunguliwa na mtu wa nyumba hii kwa mkono wake."

"Toka kwa mtoto."

"Nitoke niende wapi? Nilifungwa kwa waya mzima, nao wameukata. Sasa nakaa nyamani. Nimepata mkono uliotulia na sitaki mwingine."

Maalim akafuta jasho. "Kumrudisha kwenye boriti siwezi," akawanong'oneza. "Kumtoa, amekataa. Labda ahamie kwa mtu mwingine, tena mwenyewe aridhie."

"Nichukue mimi," Bi Mwanakuu akasema bila kusita. "Mimi miguu iko kaburini, wanitakia nini?"

Sauti ikacheka. "Mikono yako yatetemeka, kikongwe. Mchezo wenu ni wa mkono uliotulia, na aliyeutengeneza yupo hapa. Na aje. Apitishe pete kwenye njia yangu mwanzo hadi mwisho. Ikilia mara moja tu, mtoto ni wangu mpaka kiama."

Swabaha akamketisha Nasiha mbele ya boksi, akaufunika mkono wa mwanawe kwa mkono wake, pete ikiwa imevaa waya, na kengele ikanyamaza kungoja. Walianza pamoja, mkono juu ya mkono, na mara tu walipoiacha kona ya kwanza baridi ikampanda Swabaha kutoka vidoleni hadi begani, na boksi likaanza kuruka juu ya meza, na boriti juu yao zikalia kama zinazotaka kukatika, na vumbi la chokaa likamwangukia machoni asiweze kulipangusa, na Nasiha akapiga ukelele kwa sauti yake mwenyewe, "Mama niache! Yaniunguza!" na kila alichokuwa nacho mama kikamwambia aache, amkumbatie mwanawe, lakini hakuacha, alibana pumzi na kuuma mdomo mpaka ukatoka damu, akiisogeza pete unywele kwa unywele, akipanda, akishuka, huku ile sauti ikimwita jina lake sikioni kwa upole, kama mtu amwitaye mkewe, hata pete ikatoka upande wa pili na kengele haikulia.

Vidole vya Nasiha vikafunguka. Mpini ukabaki kiganjani mwa mama yake.

Bi Mwanakuu akapiga kigelegele kilichokatikia njiani kwa kilio. Maalim akashukuru Mungu, akakusanya ubani wake, ila hakumtazama Swabaha usoni. Naye Swabaha akauvuta mpini, ukatoka bila taabu. Akashusha pumzi, akaokota globu ya tochi iliyokuwa sakafuni ili aiweke mezani. Nyaya zake zilipomgusa kiganja, iliwaka kwa mwanga mkali, kisha ikapasuka.

Nasiha akageuka. Macho yalikuwa yake, machozi yalikuwa yake. Akamkimbilia mama yake, mikono wazi, na Swabaha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, akaificha mikono yake nyuma.

"Usinishike, mwanangu," akasema, naye analia. "Tafadhali mama, usinishike. Ukinishika, yule atapita kwako."

Mtoto akasimama pale pale katikati ya chumba, mikono bado ameinyoosha.