Mrehani wa Bi Zawadi

Kinywaji kilikuwa kimekwisha, lakini chumvi ilikuwa nzima.

Jeska aliinua bilauri akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Muda mfupi tu uliopita aliijaza mwenyewe: tekila, maji ya ndimu na chenza, na siro ya mrehani, shira nzito aliyoipika asubuhi. Ukingo wote alikuwa ameupaka chumvi. Kisha akaenda stoo kuchukua barafu. Aliporudi, bilauri ilikuwa kavu ndani, kipande cha ndimu kimesinyaa kama kilichoanikwa juani, na ile chumvi ya ukingoni haijaguswa. Hakuna mdomo uliopita pale.

"Crispin!" aliita. "Umekunywa kinywaji changu?"

Crispin, mpishi, alichungulia kutoka jikoni. "Mi? Si unajua mi sinywaki pombe. Mama yangu angenichinja."

Alicheka, akarudi kwenye vitunguu vyake. Jeska aliosha bilauri, akaifuta, akaipanga pamoja na nyingine.

Baa hiyo ilikuwa ndani ya nyumba ya wageni, pembeni mwa mji wa Gitega. Mwenyewe, Madamu Letisia, aliishi Bujumbura, na ndiye aliyeleta chupa za tekila kutoka safari zake, akitaka wageni wake wapate kokteli kama za mjini. Wageni walikuwa watu wa njiani, wanalala, wanaondoka. Walimwita Jeska "mademoiselle", au walimpigia makofi kumwita. Mchana, baada ya chakula, baa ilibaki tupu mpaka jioni, na saa hizo ndizo alizoziogopa, kwa sababu hapo ndipo alipokumbuka kwamba hana mtu. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akakulia huko, na waliporudi Burundi yeye na mama yake walilima Mwakiro, Muyinga. Mama alifariki mvua zilipokuwa zinaisha. Tangu hapo, ukimtoa Crispin, hakuna aliyelitaja jina lake.

Mrehani ule ulitoka Muyinga. Alipokwenda kuifunga nyumba ya mama, alilala mjini kwa Mwajuma, mshona nguo aliyekuwa rafiki wa marehemu. Nyuma ya nyumba ya Mwajuma kulikuwa na kiwanja chenye kuta zilizobomoka, na katikati yake kichaka cha mrehani kilichomfika kifuani. Ilikuwa kiangazi, majani yote yamekauka, lakini mrehani ule ulikuwa umestawi kama unaomwagiliwa kila siku. Jeska alichuma fungu zima. Hakumwuliza mtu.

Kupika siro alikupenda. Aliyeyusha sukari kwa maji juu ya moto mdogo, akaongeza maganda ya chenza, akaepua, akatumbukiza mrehani na kufunika sufuria mpaka ipoe. Kisha alichuja kwa kitambaa cheupe. Siro ilitoka ya kijani hafifu, nzito, na harufu yake ilijaa baa nzima. Alianza kuisikia hata kwenye nywele zake.

Kesho yake mchana, alipokuwa anakamua ndimu, alisikia bangili zikigongana nyuma ya pazia la stoo. Polepole, kama mtu anayepandisha mikono kujifunga kilemba. Alikwenda kutazama. Palikuwa na magunia, kreti za bia, na harufu ya udi. Na chini ya udi harufu nyingine, ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

Alirudi kwenye kaunta.

"Jeska," sauti ya mwanamke ilisema nyuma yake.

Hakugeuka. Angetaka kupiga kelele, lakini sauti ile ilikuwa ya upole, ikalitamka jina lake taratibu, kama mtu aliyelitafuta muda mrefu. Macho yake yakajaa machozi.

"Bee," alijibu.

Kosa lake lilikuwa hilo.

Toka siku hiyo alitengeneza bilauri mbili kila mchana. Moja yake, moja aliiweka upande wa pili wa kaunta, mbele ya kiti kitupu. Alikuwa akigeuka kidogo tu kuchukua kitambaa, na akirudi bilauri ya pili ilikuwa imekauka. Sauti haikusema mengi. Ilimwuliza amelalaje. Ilimwuliza kama mama yake alipenda machenza. Naye akasimulia: kambi, udongo mwekundu, mama akimsuka nywele mlangoni. Hakuwahi kumsimulia mtu hayo. Ikifika magharibi bangili zilinyamaza, wageni wakaanza kuingia, na yeye akawahudumia akiwa na hamu ya kesho. Wageni wenyewe hawakukaa. Walionja, wakatazama pazia la stoo, wakasema wamechoka, wakaenda vyumbani.

Crispin ndiye aliyeziona bilauri mbili.

"Uko unangoja mtu?" aliuliza.

"Hapana."

"Alors, hii ni ya nani?" Alisogea, akanusa, akakunja uso. "Jeska, iko harufu ya kaburi hapa. Weye hausikii?"

"Iache, Crispin. Tafadhali."

"Siku hizi haukulaki na mi. Haukunywaki chai. Nakuita, unaangalia kule kwenye pazia." Sauti yake ilishuka. "Mi ni rafiki yako. Hii kitu iko mbaya."

Akaichukua bilauri, akaimwaga yote kwenye sinki.

Nyuma ya pazia bangili ziligongana mara moja, kwa nguvu.

Crispin alirudi jikoni. Jeska alisikia kisu chake kikikata, kikikata, halafu kikaanguka sakafuni, na alipokimbia kule alimkuta ameshika koo kwa mikono miwili, macho yametoka, mdomo wazi bila sauti yoyote, akamwinamisha na kumpiga mgongoni huku yeye mwenyewe akilia na kumwomba Mungu, mpaka yule mwanaume akakohoa, akakohoa tena, na kutoka kooni mwake likaanguka jani la mrehani, bichi, limelowa, na baada ya hilo likaja jingine, na jingine, yakashikamana kwenye sakafu kama yaliyochumwa asubuhi ile.

Alipata kupumua. Sauti yake haikurudi. Mama yake, Paskazia, alikuja kumchukua, akampeleka kwao Bukirasazi. Alipopita mbele ya kaunta hakumsalimu Jeska.

Baa ikabaki na mtu mmoja. Au wawili.

"Umemfanya nini?" Jeska alinong'ona.

Kiti kitupu kililia, kama kilichokaliwa na mtu anayejiweka sawa. "Yeye ana mama," sauti ilisema. "Mimi na wewe hatuna mtu."

Jeska aliichukua chupa ya siro, akaifunga kwenye kanga, akapanda gari la Muyinga bila kumuaga Madamu Letisia. Njia nzima abiria aliyeketi karibu naye alijisogeza dirishani, mkono puani.

Mwajuma alimpokea mlangoni, akasikia harufu kabla ya salamu.

"Ya Allah! Mtoto wangu, ulichuma kwa Bi Zawadi?"

"Nani, mama?"

Mwajuma alimkalisha, akafunga mlango. "Bi Zawadi alikuwa jirani yangu. Alikuwa na jini yake, anaipandia mrehani, anaikaribisha kila alasiri. Hakuwa na bwana, hakuwa na mtoto. Alikufa bila kumwachia mtu hiyo jini. Sisi wote tunajua, hatugusaki ile kichaka. Mbona haukuniuliza?"

"Sikujua kama kuna wa kumwuliza."

Mwajuma alimshika mkono, akaenda kumwita Mwalimu Aboubakar, mzee aliyewasomea dua wagonjwa wa mtaa mzima. Alikuja na maji ya waridi na chumvi ya mawe. Kijana wa kuchimba hakumtaka. Alisema kichaka atakichimbua mwenyewe.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipoingia kiwanjani. Mwalimu alikizungushia kichaka chumvi, akaanza kusoma. Hapakuwa na upepo, lakini mrehani ulitikisika.

"Mimina siro hapo kwenye shina," alimwambia Jeska. "Halafu umwambie aende. Mi naweza kusoma mpaka kesho. Weye ndiye ulimwitikia, ni weye wa kumfukuza."

Jeska alimimina. Udongo uliinywa siro kwa sauti, kama koo.

"Jeska," ilisema sauti kutoka ndani ya majani. "Nani atakuita?"

Akafungua mdomo, neno likakwama, kwa sababu alijua jibu, alikiona kile chumba chake kule Gitega na kitanda kimoja na kikombe kimoja, aliziona alasiri zote zilizokuwa mbele yake zikiwa zimepangwa kama viti vitupu, na aliona kwamba kati ya watu wote duniani huyu ndiye pekee aliyemwuliza mama yake alipenda nini, na Mwalimu anasoma, na Mwajuma analia nyuma yake, na majani yakamgusa shavuni kwa upole mkubwa. Halafu akamkumbuka Crispin akiwa sakafuni, mdomo wazi.

"Nenda," alisema. "Huna nafasi kwangu. Nenda."

Kilio kilichotoka pale hakikuwa cha mnyama wala cha mtu mzima. Kilikuwa cha mtu aliyeachwa. Mwalimu aliushika mrehani kwa mikono miwili akaung'oa, na mizizi ikatoka mirefu, myeusi, imejiviringisha kwenye bangili za fedha zilizoliwa na udongo. Walivichoma vyote. Jioni hiyo Paskazia alipiga simu: mwanawe ameomba maji, kwa sauti yake mwenyewe.

Jeska alirudi Gitega. Alisugua kaunta kwa chumvi na ndimu, akaacha kupika siro. Mpishi mpya hakuzungumza naye. Alasiri zilikuwa kimya, kimya kabisa, na usiku alilia bila kujua analilia nani.

Siku moja alikuwa amekaa peke yake anamenya machenza, hajafungua mdomo tangu asubuhi, alipomwona Crispin amesimama nje ya geti. Alitoka kumkaribisha. Crispin hakutaka kuingia. Alikuwa amekuja kuchukua visu vyake tu.

Jeska alimletea, akampitishia kwenye nondo za geti.

"Ile kitu, ilienda?" aliuliza Crispin kwa sauti iliyokwaruza.

"Ilikwenda. Mwalimu aliichoma mizizi yake."

Crispin alitazama juu ya bega lake, kwenye mlango wa baa uliokuwa wazi, na akarudi nyuma.

"Nimesimama hapa kitambo. Nilingoja mumalize," alisema. "Weye na mwenzako mulikuwa munaongea. Munacheka."

Jeska angeweza kumwambia hakuwa na mtu. Angeweza kumwomba asiende. Alizishika nondo za geti kwa mikono yote miwili, akasogeza uso wake karibu.

"Crispin," alinong'ona, "alikuwa ananiambia nini?"