Ubao wa Misumari

Kila jioni, nikishaosha vyombo, nilikuwa mwalimu wa mama. Yeye alikaa kitandani, nami nikashika daftari lake la mafunzo ya mashine za kushona kiwandani.

"Uzi upi kwanza?"

"Wa chini," alijibu akiwa amefumba macho. "Halafu nyuzi za sindano. Ukianza na sindano, wa chini utakatika."

Hakukosea neno. Nikampa kumi juu ya kumi kwa kalamu nyekundu, nikajivuna kweli.

Ijumaa alirudi kichwa chini. Kwenye jaribio la ovaloki, ile mashine mpya ya kushona kingo za nguo, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye sindano, kama alivyozoea miaka kumi na mitano kwenye cherehani yake ya miguu. Uzi ukakatika.

"Limebaki jaribio moja, Jumatatu," alisema. "Nikishindwa, kazi ndiyo basi. Kichwa changu hakishiki tena, mwanangu."

"Lakini ulijua yote, mama!"

"Nilijua kusema."

Maneno hayo yaliniuma. Mimi ndiye niliyemkaririsha kama kasuku.

Jumamosi asubuhi nilimuuliza kwa nini kiwandani hawafanyi mazoezi kwenye mashine zenyewe. Alicheka bila furaha. "Zimefunikwa nailoni mpaka siku ya jaribio. Mkufunzi anasoma, sisi tunaandika. Anaogopa tutaziharibu."

Nikatafuta ubao, nikapigilia misumari kwa kufuata mchoro wa njia za nyuzi uliokuwa kwenye daftari, nikaleta nyuzi nne za rangi tofauti.

"Usiniambie, mama. Nionyeshe."

Mkono ukaenda kwenye sindano. Nikaukata uzi wa chini kwa mkasi. "Umekatika. Utafanyaje?"

"Mtoto wewe!" Lakini alizivua nyuzi za sindano, akaanza upya. Akakosea tena. Nikakata tena. Mara ya kumi na moja alisonya, akausukuma ubao kando.

"Mazoea yana taabu. Niache."

Sikumwacha, ingawa hata mimi nilishakata tamaa. Mpaka Jumapili jioni alikuwa amepatia mara mbili tu.

Jumatatu nilimsubiri mlangoni. Alifika taratibu, akavua viatu.

"Nilianza na sindano," alisema. "Uzi ukakatika."

"Basi tumekwisha?"

"Nikazivua nyuzi za sindano, nikaanza upya na wa chini. Ikashona mpaka mwisho. Mkufunzi akaniuliza nani kanifundisha kurekebisha kosa, maana yeye hakutusomea hilo. Nikamwambia kuna mwalimu mmoja mkali nyumbani, ana ubao wa misumari na mkasi."

"Umepita?"

"Nimepita. Kesho nailoni zinatolewa, kila mtu aguse, akosee, arekebishe. Na ubao wako ameuomba."

Nilimkumbatia huku nalia. Akanifuta machozi kwa kanga yake.

"Sikio husikia, mwanangu, lakini mkono haujui mpaka ufanye."

Kisha akachukua daftari langu la hesabu, ambalo nilikuwa nimelijaza kanuni kwa mwandiko mzuri, akalifunga na kunipa karatasi tupu.

"Usiniambie," alisema. "Nionyeshe."