Shibiri Moja ya Uwele

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku alichukua mundu na kamba, akashuka shambani kukata uwele wa ng'ombe. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Ng'ombe wao, Bi Taratibu, alikuwa na ndama wa wiki tatu, na mvua ilikuwa imekatika mapema. Mahindi ya jirani yalikauka yangali mafupi. Uwele tu ndio uliosimama, mbichi kana kwamba haukusikia habari za ukame.

Mbegu waliletewa na bwana mifugo. Yeye alimfundisha Baba, na Baba akamfundisha Chiriku: uwele ukatwe kabla haujatoa masuke, na shina liachwe shibiri moja kutoka ardhini ili lichipue tena. Siku za mwanzo Chiriku alianzia kule mwisho wa shamba, akapima kila shina kwa mkono mpaka kiuno kikamuuma. Kisha akahamia upande wa karibu na nyumba, na wenzake wakaanza kucheza mpira kando yake.

"Chiriku, unakata majani au unayapima nguo?" walimtania.

Akagundua kwamba akikata chini kabisa, mzigo unajaa upesi. Siku nne mfululizo alikata hivyo upande huo, akakimbilia mpira.

Wiki mbili baadaye, Baba alirudi kutoka shambani amekunja uso. "Upande wote wa huku umekufa," alimwambia Mama. "Bwana mifugo ametupa mbegu mbovu! Keshokutwa namuuza Bi Taratibu na ndama wake, kabla hawajabaki mifupa."

"Tungoje kidogo, Baba Chiriku."

"Tungoje nini, mke wangu? Ng'ombe hali maneno."

Chiriku hakutia neno. Mama alimtazama mara mbili, maana Chiriku kunyamaza ilikuwa habari kubwa. Chai ilimpoa mkononi. Alitoka akaenda bandani, na ndama akaanza kumlamba vidole kama kawaida yake. Chiriku alimpenda sana ndama yule. Akageuka na kurudi ndani mbio kabla ujasiri haujamtoka.

"Baba, mbegu si mbovu. Ni mimi. Nilikata chini kabisa ili niwahi mpira."

Baba alimkodolea macho. "Una hakika?"

"Njoo uone."

Alimwongoza mpaka mwisho wa shamba, nyuma ya uwele ambao ulikuwa bado haujakatwa. Huko, mistari aliyoikata kwa kupima ilikuwa imechipua tena, ikamfika Baba magotini. Baba alichuchumaa, akaweka mkono wake kwenye shina moja la zamani. Lilikuwa shibiri kamili.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Niliogopa utakasirika." Machozi yakamtiririka.

"Nimekasirika, tena sana," alisema Baba, huku akimfuta uso kwa upindo wa shati lake. "Lakini acha kulia. Ng'ombe hauzwi."

Wakahesabu mistari iliyobaki. Wakichanganya uwele na mabua makavu ya jirani, chakula kingetosha mpaka machipukizi yakomae. Upande uliokufa wangeupanda upya mvua ikinyesha. Kisha Baba akamshika mkono, wakaongozana hadi kwa bwana mifugo. Baba ndiye aliyetangulia kuomba radhi kwa kumsema vibaya, na Chiriku akafuata. Bwana mifugo alicheka, akasema hata watu wazima hukata chini wakiwa na haraka.

Njiani kurudi, Baba alipunguza mwendo. "Sikiliza, mwanangu. Kwa kukata vibaya umetupotezea mistari michache, na hiyo tutaipanda tena. Kwa kunyamaza ungetupotezea ng'ombe, na mtu mwema angebaki na jina baya. Ukikosea, niambie siku ile ile, hata kama nimenuna."

"Hata kama umenuna sana?"

"Hasa nikiwa nimenuna sana," alisema Baba, akamvuta karibu naye. "Mimi ni baba yako."