Saa Moja na Nusu Iliyopotea Angani

Saa sita na nusu mchana, Jumatatu moja ya Agosti 1938, Premji alifungua kasha dogo dukani kwake, Chake Chake. Badala ya mkufu wa harusi wa binti yake Kantaben, ndani mlikuwa na kokoto nne zilizofungwa kitambaa.

"Tumeibiwa!" alipiga ukelele mdogo wake, Kantilal, aliyekuwa ametua nusu saa iliyopita akilileta kasha hilo kwa ndege kutoka Nairobi.

Saa nane, Koplo Mjaka alikuwa amekwisha kumkamata Kificho, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafukuza ng'ombe kwenye kiwanja cha ndege. Yeye ndiye aliyelipeleka kasha mjini kwa baiskeli.

"Mie na mkufu wapi na wapi?" alilalamika Kificho. "Ijumaa naoa, Koplo. Mchumba wangu Mize keshawekwa ndani kufundwa!"

"Hata wewe utawekwa ndani."

Soud, mwalimu wa jiografia aliyemfundisha Kificho kusoma, alipata habari saa tisa. Aliingia dukani na ramani ya shule, rula na uzi. Koplo alikuwapo, na Kificho na pingu zake.

"Bwana Kantilal, mliondoka Nairobi saa ngapi?"

"Saa moja kamili asubuhi. Kaka ana telegramu."

"Mlisimama popote?"

"Hatukugusa ardhi."

Soud alinyoosha uzi juu ya ramani, kisha akaupima. "Maili mia tatu na arubaini. Ndege inakwenda maili ngapi kwa saa?"

"Mia na kumi. Rubani alijisifu njia nzima."

"Basi ni mwendo wa saa tatu na dakika chache. Tuupe upepo nusu saa, na bado mngetua kabla ya saa tano. Mmetua saa sita kamili."

Kantilal alijifuta jasho. "Ng'ombe wa huyu! Tulizunguka juu hata kichwa kikaniuma."

Koplo alimkazia macho Kificho.

"Wanafunzi wangu wakisikia ndege hukimbilia dirishani," alisema Soud. "Leo wamekimbia mara moja tu, saa sita kasoro dakika tano. Ndege izunguke saa nzima na watoto wasiisikie? Koplo, rubani yuko Unguja. Tumpigie simu?"

Kantilal aliketi juu ya gunia la mchele.

"Tuliteremka Mombasa," alisema taratibu. "Nairobi niliutoa mkufu kuutazama, ukaniponyoka, nikaukanyaga. Kaka aliuchora mwenyewe, miezi minane! Nikauacha kwa sonara wa Mombasa, nikatia kokoto. Nilitaka ukishatengenezwa nije niseme umeonekana."

"Na Kificho?"

"Sikumfikiria."

"Mtu mzima huyu, na mchumba wake anamngoja," alisema Soud. "Angefikiriwa lini?"

Koplo alifungua pingu. Premji alilifunga kasha.

"Ijumaa ndege italeta mkufu," alisema, "na Kificho ana harusi. Nani atafukuza ng'ombe?"

Wote walimgeukia Kantilal.

Ijumaa saa nne asubuhi, Kantilal alikuwa katikati ya kiwanja, fimbo mkononi, akimbembeleza fahali mwekundu kwa Kigujarati. Juu, ndege ilikuwa inazunguka kwa mara ya saba, na safari hii watoto waliisikia.

Bwana harusi alipita kwa baiskeli na kanzu yake mpya. Alisimama, akapiga mluzi mmoja, na ng'ombe wote wakatoka.

"Mluzi huu ni wa zawadi, Bwana Kantilal," alisema, akaendelea na safari yake.