Sahani Iliyofunikwa

Duka la spika lilikuwa na kelele kupita kiasi. Kila muuzaji alijaribu spika yake kwa wimbo wake, na kila mteja alipiga kelele ili asikike. Dada mmoja alikuja kununua visikizio tu, vya zamani vilikuwa vimekatika waya. Alivaa gauni la njano lililomkaa kiunoni kama limeshonewa juu yake, kichwani kilemba cheusi. Muuzaji akaweka wimbo mmoja kwenye spika kubwa, na yeye akatabasamu peke yake. Sauti haikuwa yake. Maneno yalikuwa yake.

"Zima huo, ndugu yangu," mwanamume mmoja akasema nyuma yake. "Niwekee hata taarifa ya hali ya hewa."

"Huu watu wanaupenda, kaka."

"Wanapenda ngoma. Bustani, waridi, asali, nyuki! Huyu mtunzi anapenda mtu au anafuga nyuki?"

Watu wakacheka. Dada wa gauni la njano akageuka. Jamaa alikuwa mrefu, shati la jinzi limepauka mabegani, waya zimening'inia shingoni kama daktari aliyekosa hospitali.

"Samahani, kaka. Wewe umewahi kupendwa?"

"Mara mojamoja. Kwa nini?"

"Unaongea kama mtu aliyeachwa kwa simu."

Safari hii duka zima lilicheka upande wake. Jamaa naye alicheka, kisha akamtazama vizuri. "Usiniambie wimbo ni wako."

"Mimi ndiye mfuga nyuki."

Mtu mwingine angeomba radhi. Huyu hakuomba. "Basi vina unavijua," alisema. "Kusema ukweli ndiko sijui kama unajua. Njoo studio kwangu tuone."

Alikwenda. Alijiambia anakwenda kumkomesha.

Studio ilikuwa juu ya duka la rangi, ngazi nyembamba, kuta zimebandikwa magodoro ili sauti isitoroke. Wasanii walimwita prodyuza yule Mkasi, kwa sababu hakuna mashairi yaliyoingia pale yakatoka na urefu wake. Naye alimbatiza dada yule Bi Vina, na jina likamganda.

Mkasi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakutaka mtunzi aje na maneno. Alipiga mdundo kwanza, akamweka mtunzi mbele ya maiki, akamwambia aimbe chochote kinachomjia mdomoni, mradi sauti ipate njia yake. Hayo waliyaita maneno ya kushikilia. Mtunzi mmoja aliwahi kuimba majina ya mboga mwanzo hadi mwisho, na wimbo ukaja kuwa wa msiba. Baada ya hapo mtunzi alikwenda nyumbani kuandika maneno yenyewe, na yale ya kushikilia yakatupwa. Kila mtu pale alijua hayana maana na hayana mwenyewe.

Mapenzi yalianzia kwenye ugomvi. Mkasi akikata mstari, Bi Vina anaurudisha. Wakiachana jioni wakiwa wamenuniana, simu inalia kabla Bi Vina hajavua viatu.

"Bi Vina wangu, umefika?"

"Mimi si wako. Umenikatia beti nzima leo."

"Nimekata beti, sijakukata wewe."

"Mkasi haujui tofauti."

"Basi nifundishe, mpenzi. Mimi shule niliiacha mapema."

Bi Vina akacheka, na kucheka ndiko kulikommaliza.

Kisha akaja Chiriku. Huyo alikuwa mwimbaji aliyekuwa akitafutwa na kila studio mjini, kucha ndefu, mdomo mrefu kuliko kucha. Alitaka wimbo wa mke anayemsubiri mume. Mkasi akapiga mdundo wa polepole, Bi Vina akafumba macho mbele ya maiki, na mdomo ukaenda ulikotaka wenyewe:

*Sahani imefunikwa, mwenye sahani kanawa kwingine,*
*taa haijazimwa, mlango haujakomewa,*
*asubuhi wali unamwagwa, mama anafuta machozi.*

Alipofumbua macho, Mkasi alikuwa ameacha kugusa mashine. "Yametoka wapi hayo?"

"Ya kushikilia tu. Yatupe."

Hayakuwa ya kushikilia tu. Baba yake Bi Vina aliondoka yeye akiwa mtoto. Mama yake, mshona mapazia, aliwaambia majirani kuwa mume yuko kazini mbali, na maneno hayo aliyashikilia miaka yote kwa uso mkavu. Kila jioni alipakua sahani moja zaidi, akaifunika kwa nyingine, akaiacha mezani. Baba mwenyewe hakuwa mbali. Alikuwa ng'ambo ya mji huohuo, na mke mwingine na watoto. Bi Vina alimwona siku moja kwa macho yake, kambeba mtoto begani. Alirudi nyumbani, akaiona sahani, akanyamaza. Tangu hapo kazi yake kubwa duniani, kuliko kutunga, ilikuwa kumlinda mama asiaibike.

Akaandika maneno mengine ya Chiriku, mazuri, yenye vina vilivyolala kama vigae. Mkasi akayasoma amesimama.

"Vipi?" Bi Vina akauliza.

"Ni gauni la kwenye dirisha la duka. Zuri. Ndani hakuna mtu."

"Unasema hivyo kila mara."

"Kwa sababu kila mara unafanya hivyo. Yale ya kwanza yalikuwa na mtu ndani."

"Yale nimesema utupe!"

"Unaogopa nini, mpenzi?"

"Naogopa kumpiga mtu na kiti. Nitaandika upya. Nipe mpaka keshokutwa."

Keshokutwa alipanda ngazi akiwa na maneno mapya mkobani. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kabla hajausukuma akasikia sauti ya Chiriku, imerekodiwa, imesafishwa, imejaa chumba kizima: *mwenye sahani kanawa kwingine.*

Aliingia. Mkasi alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, Chiriku kwenye kochi anakata kucha.

"Sikia, Bi Vina, sikia tu!" Mkasi akasema. "Nilitaka usikie kwanza ndipo ubishe."

"Zima."

"Ngoja ifike kwenye..."

"Zima, nimesema!"

Akazima.

"Jamani, wimbo mtamu hivi, mtu ananuna?" Chiriku akasema. "Dada, huyo mama wa sahani amenitoa machozi. Mjinga kweli, lakini amenitoa machozi."

Bi Vina alimgeukia Mkasi. "Nilikuambia utupe."

"Ni maneno ya kushikilia. Hayana mwenyewe, kazi yetu iko hivyo. Na ndiyo maneno bora uliyowahi kutoa, ubishe usibishe."

"Yana mwenyewe. Ni mama yangu."

Kikata kucha cha Chiriku kilisimama.

"Mtaa mzima unajua baba yuko kazini," Bi Vina akasema. "Mtaa mzima unajua mimi natunga nyimbo. Wimbo ukitoka, mama atapita wapi? Niambie, Mkasi. Wewe unayejua kukata, nikatie njia ya kupita mama yangu."

"Sikujua."

"Hukuuliza! Miezi yote hii unaniuliza mstari umetoka wapi ili uukate. Siku moja tu ilifaa uulize ili uuache, hukuuliza."

Akashuka ngazi. Mkasi alimfuata hadi barabarani, akamwita mbele za watu, yeye hakugeuka.

Simu ililia alasiri nzima. Hakupokea. Mwishowe ukaja ujumbe: *Nimefuta. Wa Chiriku, na wako wa kwanza. Hakuna kilichobaki. Amekasirika, ameondoka na kazi zake zote. Sikutumii hili ili unisamehe.*

Alikuwa bado anausoma Chiriku alipopiga.

"Dada, mpenzi wako kafuta jasho langu. Sawa. Lakini mimi wimbo nikiuimba umeingia. Kwenye mashine umefutwa, kichwani mwangu umo. Studio ziko nyingi."

"Chiriku, nakuomba kama mdogo wako."

"Mimi nina shoo, dada. Huruma haipandi jukwaani."

Akakata. Bi Vina alikaa na simu mkononi mpaka kioo kikajizima. Njia ilikuwa imebaki moja: mama asikie kwake kabla hajasikia barabarani.

Mama alikuwa kwenye cherehani, pazia la kijani limemfunika magoti. Kupitia mlango wa jikoni sahani ilionekana mezani, imefunikwa. Bi Vina akakaa kwenye kigoda, akasema yote: baba na mtoto begani, maiki, Mkasi, Chiriku. Mama hakuacha kushona.

"Imba," alisema.

"Mama..."

"Si umesema wimbo? Imba niusikie."

Akaimba, kwa sauti ndogo, akiangalia sakafu. Alipomaliza, cherehani ilikuwa imesimama.

"Wali nani alimwaga?" mama akauliza.

"Eh?"

"Umesema asubuhi wali unamwagwa. Katika nyumba hii chakula kimemwagwa lini? Nilikuwa naula mimi ukishalala. Na machozi uliyaona wapi? Umeniimba kama mjane wa kwenye sinema."

Bi Vina akainua macho. "Mama, majirani..."

"Majirani wanajua tangu mwaka ule ule, mwanangu. Mama wa nyumba ya pili ndiye aliyeniambia baba yako kaoa. Wananisitiri, nami nawaachia wanisitiri. Ndiyo ujirani."

"Basi sahani ya nini?"

Mama akavua miwani, akaifuta na ncha ya pazia la mteja. "Ulikuwa huli mpaka uione sahani ya baba yako. Nikaiweka ili ule. Ukakua. Nikaona bado kila ukiingia unaiangalia kwanza ndipo unanisalimia. Nikasema, huyu bado anasubiri, nisimvunje moyo."

"Mimi nilidhani ni wewe unayesubiri."

"Mimi? Yule?" Mama akacheka kwa pua. Halafu akaacha kucheka, akamvuta binti yake, na pazia la kijani likaloa machozi. Baadaye akasema, "Huyo binti mpe auimbe. Lakini aimbe ukweli. Aseme mke alikula. Na huyo aliyefuta, ni nani kwako?"

"Ni prodyuza tu."

"Prodyuza tu hafuti kazi ya kumlisha."

Asubuhi yake Bi Vina alipanda ngazi za duka la rangi. Mkasi alikuwa amekaa mbele ya mashine iliyozimwa, ndevu hazijanyolewa. Akasimama haraka hadi kiti kikaanguka.

"Sikuja kugombana," akasema Bi Vina. "Washa."

Aliingia mbele ya maiki, akaimba wimbo mzima upya, bila mdundo, pamoja na mstari wa mke anayefunua sahani na kula, akilamba vidole. Alipomaliza alisubiri. Alijua baada ya wimbo huja mkasi.

"Naruhusiwa kusema?" Mkasi akauliza kutoka upande wa pili wa kioo.

"Tangu lini unaomba ruhusa?"

"Tangu jana."

"Sema."

"Mstari wa pili bado una vina vya kujionyesha. Huo nitabishana nao. Lakini kwanza nauliza. Mama ameridhia?"

Moyo wa Bi Vina ulikuwa unadunda hadi akahofia maiki itaunasa. "Ameridhia. Chiriku nimempigia, anakuja mchana, amenuna lakini anakuja. Na mama anataka kukuona Jumapili."

"Mimi? Nikamwambie nini?"

"Umwombe radhi."

"Hilo nitaomba kwa magoti. Baada ya hapo? Nikiulizwa nimekuja kama nani?" Alikuwa ameshafika kwenye mlango wa kioo, mkono kwenye kitasa, haufungui. "Niseme mimi ni prodyuza wako, au nimwombe kitu kingine? Niambie, mpenzi, nisiharibu."

Bi Vina akafungua mlango yeye mwenyewe.

"Hayo utayatunga wewe," alisema. "Na ukifika mbele ya mama yangu, usikate neno hata moja."