Mwanamke wa Njia ya Chini

"Nani huyo ametuma ujumbe?" Adelard aliuliza akiwa bafuni, maji yakimwagika.

"Ni mtandao tu, wanatangaza vifurushi," Mackrine alijibu. Simu ya mumewe ilikuwa mkononi mwake.

Haukuwa mtandao. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyehifadhiwa kwa jina la Mama Uwi:

"Jumapili tupite tena njia ya chini, Uwi hawezi kupanda. Na nakuomba sana, mkeo asijue kwanza."

Mackrine aliurudia mpaka herufi zikaanza kucheza machoni. Akaiweka simu mezani kama alivyoikuta, akashika kisu na kuendelea kumenya ndizi.

Kazi ya Adelard ilikuwa kutembeza watu kando ya ziwa Rwakajunju. Milima aliwaachia wenye miguu ya chuma. Yeye alifyeka njia tambarare pembeni ya maji, akapanga magogo ya kukalia, mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anatembea bila kuhema. Ndiyo watu waliita njia ya chini. Familia zilitoka Kayanga na Bukoba mwishoni mwa wiki, watoto wakakimbia mbele wakitafuta ndege, wazazi wakala ndizi za kuchoma, wakarudi makwao wamefurahi.

Lakini mgeni gani anamjua mke wa kiongozi wake? Na mgeni gani anaomba mke asijue?

Adelard alitoka bafuni, taulo begani.

"Jumapili upo?" Mackrine alimuuliza.

"Nina wageni. Familia moja ya Bukoba."

"Wana watoto?"

"Mmoja."

Hakumtazama. Walikuwa na miaka minne ya ndoa na kitanda cha mtoto hakijaingia nyumbani kwao. Usiku ule Adelard alipolala, Mackrine alikuwa macho, akilitafuna jina moja tu: Uwi.

Kesho yake alikuwa anaanua kahawa uani, Kemilembe jirani yake akapita na jembe begani.

"Mackrine, mimi si mtu wa maneno..."

"Sema tu, dada."

"Wiki iliyopita nilishuka ziwani kukata nyasi za kutandika ndani. Nikamwona mumeo na mwanamke na katoto ka kike. Amekabeba mabegani, kanamshika masikio, wanacheka. Nikajiambia, hawa si wageni."

"Mwanamke yukoje?"

"Amenipa mgongo. Amejifunga kitenge, mwembamba. Lakini mumeo alivyomshika mkono kuvuka pale penye matope..." Kemilembe alitikisa kichwa. "Usiniulize zaidi."

Akaenda zake. Mackrine alichukua simu, akampigia baba yake, mzee Rwegoshora, kule Nyakasimbi.

"Shikamoo Tata."

"Marahaba. Mbona sauti imekukauka?"

"Nadhani Adelard ana mwanamke. Na mtoto."

Mzee hata hakushtuka.

"Alipokuja kuposa nilikukatalia, ukalia, nikalegea. Nilikwambia Adelard ni mtoto wa Nshimiyimana, asili yake ni ng'ambo ya mpaka. Watu wale ni wa kuondoka. Mama yako naye wa huko huko, aliondoka vipi? Alikuacha unaoga, akapanda lori na mwanamume, hakugeuka hata kukuangalia. Kusanya nguo zako urudi nyumbani."

"Nitarudi, Tata. Lakini kwanza nataka niwaone kwa macho yangu."

Jumapili baada ya misa, Adelard alibadilisha shati, akajipaka mafuta, akaaga. Mackrine alisubiri mpaka bodaboda yake ikapotea kwenye kona, akapanda nyingine.

"Nishushe juu ya mteremko," alimwambia dereva. "Hapo chini nitatembea."

Alishuka kupitia vibanja vya migomba, viatu mkononi ili asisikike. Ziwa lilikuwa limetulia, jua limelala juu yake. Kabla hajawaona alisikia kicheko cha mtoto. Kisha akawaona: Adelard mbele, msichana mdogo mabegani, na nyuma yao mwanamke mwembamba wa kitenge.

"Ongeza mwendo!" mtoto alikuwa anampigia Adelard kelele.

"Nikiongeza, mama yako ataachwa!"

Mackrine alitokea njiani.

"Kumbe familia ya Bukoba ndiyo hii!"

Adelard aliganda. Polepole akamshusha mtoto.

"Mke wangu, ngoja..."

"Usiniite mke wangu! Nimesoma ujumbe. Mkeo asijue! Basi nimejua. Miaka minne nakunywa dawa za mizizi, nakesha nasali, wewe una wako unambeba mabegani huku?"

"Mackrine, si wangu."

"Ni wa nani? Mwambie huyo mwanamke ageuke nimwone. Anaweza kula na mume wa mtu lakini kuniangalia hawezi?"

Mwanamke alikuwa ameelekea ziwani, mabega yanamtikisika. Akageuka.

Hakuwa kijana. Alikuwa mama wa makamo mwenye uso uliokauka kwa jua na kazi. Mackrine alifungua mdomo amtukane, tusi likakwama. Uso ule aliujua. Asubuhi ile ile alikuwa ameuona kwenye kioo akijifunga kilemba.

"Makii," mwanamke alisema.

Hakuna aliyemwita hivyo tangu utotoni.

"Wewe ni nani?" Mackrine aliuliza.

"Ni Nikuze. Ni mama yako."

Viatu vilimponyoka. Adelard alisogea amshike, akausukuma mkono wake.

"Mama yangu alikimbia na mwanamume wa lori!"

"Ndivyo alivyokwambia?" Nikuze alifunga macho kidogo. "Lori lilikuwepo, mwanangu. Lilikuwa limejaa watu. Ni mwaka ule askari walipotuambia tusio na karatasi turudi tulikotoka. Waliniambia, kama una mume Mtanzania, aje aseme huyu ni mke wangu, utabaki. Nikamtuma mtu kwa baba yako. Akaja, akasimama mbele yangu, akawaambia hanijui."

"Muongo!"

"Nilikuita mpaka sauti ikaisha. Ulikuwa mtoni na shangazi yako."

Mackrine alitoa simu, akabonyeza namba, akaweka sauti ya nje.

"Tata. Niko na Nikuze."

Kuku walisikika wakilia huko Nyakasimbi.

"Nikuze gani?"

"Uliwaambia humjui?"

"Nani amekuletea mambo hayo? Ni mumeo?"

"Tata, ulimjua au hukumjua?"

Mzee alihema. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imezeeka.

"Nilikuwa nimeshamwahidi ndoa mwanamke mwingine, Mackrine. Nikaona... njia imefunguka yenyewe. Sikudhani angekuwa hai mpaka leo."

Mackrine alikata simu. Akakaa kwenye gogo, akalia kilio cha mtoto aliyekuwa mtoni wakati mama yake akiita.

Alipotulia, alimgeukia mumewe.

"Na wewe? Tangu lini?"

"Miezi miwili. Alikuja na kinamama wa kanisa kutoka Songambele, wameleta watoto kutembea. Tukiwa tunapumzika nikataja kuwa mke wangu ni binti wa Rwegoshora. Akaanguka kwenye nyasi. Siku hizi ana kibali, anaishi kihalali, analima vibarua. Akaniomba nisikwambie mpaka apate moyo. Anasema akija ukamfukuza, hataweza kuishi."

"Nilimwomba mimi," Nikuze alisema. "Kila Jumapili nilikuja ili aniambie habari zako. Unapenda kula nini, unachekaje. Usimlaumu."

"Namlaumu," Mackrine alisema. "Adelard, nimelala na sumu kifuani. Nilikuwa nafungasha nguo. Mtu akikwambia mkeo asijue, hata awe nani, mwambie hapana. Umenisikia?"

"Nimesikia. Nisamehe. Nilidhani nakukinga."

"Umeniumiza."

"Najua. Naona."

Safari hii Adelard alipomshika mkono, Mackrine hakuutoa.

Msichana alikuwa amejibanza nyuma ya kitenge cha mama yake. Akachungulia.

"Mama, huyu anayelia ni nani?"

Baba wa mtoto alikufa ng'ambo, na kwa miaka yote Nikuze alikuwa amemwambia Uwi kwamba wako wawili tu duniani.

Mackrine alifuta uso kwa upindo wa gauni, akachuchumaa.

"Mimi ni dada yako."

"Mkubwa hivyo?"

"Nilitangulia."

Mtoto alifikiri, akamletea viatu vilivyokuwa vimeangukia matopeni. Mackrine alivivaa hivyo hivyo, akasimama mbele ya mwanamke ambaye miaka mingi alikuwa akimchukia bila kumfahamu. Akainamisha kichwa, kama binti aliyelelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Makii," Nikuze alisema. Alimvuta kifuani, na Mackrine akaacha avutwe.

Wiki iliyofuata mzee Rwegoshora alifika Bweranyange nyumbani kwa binti yake na mkungu wa ndizi, akakaa uani, kofia mkononi. Nikuze alitoka jikoni, akamtazama muda mrefu.

"Sasa unanijua?" alimuuliza.

"Nakujua," mzee alisema, akalia mbele ya watu wote.

Nikuze alirudi jikoni. Hakumsamehe siku hiyo. Mackrine naye hakumwomba afanye hivyo. Alichukua kisu, akakaa karibu na mama yake, wakaanza kumenya ndizi.