Taji la Profesa

Kila alasiri, akishatoka shuleni, akishaosha vyombo na kuokota vipande vya nguo vilivyozagaa chini ya cherehani, Chiriku alimwomba mama yake simu. Mama alikuwa fundi wa nguo. Simu aliitumia kwa ajili ya wateja tu, na wengi wao walipiga kulalamika, kwa hiyo hakuona uchungu kuitoa.

"Unasoma au unacheza?" aliuliza, pini zikiwa zimebanwa kati ya midomo.

"Nasoma, mama."

Hakuwa akidanganya sana. Alikuwa anaingia kwenye kundi la mtandaoni lililoitwa Uliza Tukujibu, ambamo watu wasiojuana walirushiana maswali ya kila namna. Pweza ana mioyo mingapi? Kwa nini kitunguu kinaliza? Twiga hulala amesimama? Aliyejibu wa kwanza aliwekewa picha ya taji kando ya jina lake, akatamba nalo mpaka mwingine amnyang'anye.

Kundi lilikuwa na masharti yake. Swali lilitakiwa kuwa kavu: hakuna salamu, hakuna kueleza kwa nini unauliza. Ukileta maelezo, kiranja wa kundi, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso, alilifuta swali lako. Aliyeandika "sijui" alivuliwa taji na kumwagiwa picha za punda wanaocheka. Watu wazima na ndevu zao waliyaheshimu masharti hayo kuliko walivyoheshimu saa za kazi.

Nyumbani na shuleni aliitwa Chiriku kwa sababu ya kusema kwake. Kundini alijiita Profesa, na picha aliyoiweka ilikuwa ya miwani mikubwa. Taji lilikuwa halimtoki. Mengi aliyajua kweli, maana alisoma kila karatasi iliyopita mbele yake, hata magazeti ambayo mama aliyakata kupimia nguo. Yale asiyoyajua aliyabuni, akayasema kwa uhakika uleule. Alipokosea hakuna aliyekumbuka, kwa kuwa swali jingine lilikuwa limekwisha kuingia.

Upande wa pili wa ukuta waliishi Baba Kibonge, fundi wa baiskeli, mkewe, na mtoto wao Kibonge, aliyekuwa amejua kutembea juzijuzi tu na mashavu yake yakitangulia mbele. Chiriku alimpenda mtoto huyo. Akipita tu, Kibonge alinyoosha mikono na kuita, "Tiku! Tiku!" mpaka abebwe.

"Chiriku, njoo nikwambie," Baba Kibonge alimwita siku moja, huku akiziba tundu la tairi. "Unajua kuna kundi fulani kwenye simu? Humo yumo mzee mmoja anaitwa Profesa. Yule mzee hana asilolijua. Soma, mwanangu, uje uwe kama yeye."

Chiriku aliuma midomo asicheke. "Umejuaje kuwa ni mzee?"

"Mtoto gani atajua yote yale?"

Angeweza kusema pale pale kwamba Profesa ni yeye. Hakusema. Ni utamu wa aina yake kusifiwa na mtu asiyejua anamsifu nani, na Chiriku aliurambaramba utamu huo hadi jioni. Hakujisumbua hata kuuliza jirani yake alitumia jina gani kundini.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda kununua nyuzi, akaiacha simu. Chiriku alikaa kwenye kiti cha cherehani akiwa amenuna. Asubuhi ile taji lilikuwa limechukuliwa na mtu aliyejiita Bundi, na Bundi alikuwa hana haya, akijisifu kwa kila aliyeingia. Chiriku alikuwa anasubiri swali lolote lile.

Likaingia, kutoka kwa mtu anayejiita Mnyororo: *Mtu akinywa mafuta ya taa, dawa yake nini?*

Lilikuwa swali kavu, kama masharti yalivyotaka. Chiriku hakujua jibu. Alichokumbuka ni kwamba mwenzake darasani aliwahi kula chakula kilichochacha, akatapika, akapona. Juu ya kioo cha simu yalitokea maneno *Bundi anaandika*. Chiriku hakungoja zaidi.

*Atapishwe haraka*, aliandika. *Atiwe kidole kooni.*

Taji likarudi kando ya jina lake. Bundi alituma picha ya uso ulionuna, na Chiriku akacheka peke yake chumbani.

Alikuwa bado anacheka aliposikia kilio cha mtoto kupitia ukutani. Kikakatika. Ikafuata sauti ya mtu anayejaribu kutapika, kisha kikohozi kikavu kisichopumzika, kikohozi ambacho hakuwahi kukisikia kwa mtoto yeyote. Alitoka mbio, simu mkononi.

Baba Kibonge alikuwa amechuchumaa katikati ya magurudumu, Kibonge akiwa amelazwa kifudifudi mapajani mwake. Kidole cha baba kilikuwa kinywani mwa mtoto. Kando yao ililala chupa ya soda, na harufu ya mafuta ya taa ilijaa kibanda kizima. Ndiyo mafuta aliyooshea cheni zenye grisi. Simu yake ilikuwa chini mavumbini, bado inawaka. Kwenye kioo Chiriku aliliona jina lake, taji, na jibu.

"Profesa amesema akitapika atapona," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Ametapika. Mbona anazidi? Mbona midomo inakuwa hivi?"

Msichana aliyekuwa na neno la kila kitu duniani alimtazama Kibonge akihema kama mtu anayenyonya hewa kwenye mrija ulioziba.

"Mwache, Baba Kibonge. Mtoe kidole. Twende hospitali."

Walikimbia wote wawili, mmoja na mtoto, mwingine na viatu mkononi.

Hospitalini mtoto alichukuliwa ndani, akawekewa hewa puani. Baadaye muuguzi alitoka, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliwakuta ukumbini, baba amesimama, Chiriku amekaa kwenye benchi na kujikunja.

"Nani alimtapisha?"

"Mimi, dada."

"Nani alikuelekeza?"

"Profesa. Ni mzee mmoja msomi, tuko naye kwenye kundi."

"Aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi," muuguzi alisema. "Yakipanda tena yanaingia kwenye mapafu, na humo ndimo yanamoharibu. Ungemleta moja kwa moja, huenda sasa hivi tungekuwa tunamwangalia tu. Huyo profesa wako ana mapafu mengine ya kumpa mtoto?"

"Ni mimi," alisema Chiriku.

"Wewe nini?"

"Profesa ni mimi." Akanyoosha simu ya mama yake, ili waone.

Fundi aliisoma, akamtazama binti wa jirani, miguu mitupu yenye vumbi, akaisoma tena. Chiriku alitamani apigwe. Hakupigwa.

"Tulikuwa tumetenganishwa na ukuta tu," Baba Kibonge alisema taratibu. "Ningegonga ukuta ungekuja. Ungeniambia hujui, tungekimbia. Kwa nini hukuandika kwamba hujui?"

"Wangenivua taji."

"Taji gani?" aliuliza muuguzi.

Mle ukumbini, mbele ya mlango alikoingizwa mtoto, neno hilo halikuwa na maana yoyote.

Jioni ile Chiriku alimweleza mama yake yote. Mama alisikiliza hadi mwisho, akazichomoa pini mdomoni moja moja. Hakufoka. Alimshika mkono, wakaenda kumwangukia Mama Kibonge, ambaye aliwasikiliza kisha akageukia ukutani. Kabla ya kurudisha simu, Chiriku aliingia kundini akaandika: *Nilikosea. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja. Nilijibu nisichokijua, na sasa mtoto amelazwa.*

Mtu mmoja alituma punda. Kisha kiranja akaufuta ujumbe: *Maelezo hayaruhusiwi.* Chiriku akauandika upya, neno kwa neno. Kiranja alimwondoa kundini. Bila shaka swali lililofuata lilipata jibu haraka, na taji likapata kichwa kingine.

Kibonge hakufa. Mashavu yalikuwa yamepungua siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Muuguzi aliwaita pembeni baba na Chiriku, kwa kuwa binti huyo alikuwa amekuja kila siku na mama yake, akikaa kwenye benchi lilelile.

"Baba, mafuta uliyatia kwenye chupa ya soda, mtoto akaona soda," alisema. "Na hospitali si mbali, lakini ukaanza na simu. Hilo ni lako, usimsukumie mtoto wa watu." Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, binti yangu. Mimi hapa kila siku naulizwa mambo nisiyoyajua. Nasema sijui, ngoja nimwite daktari. Wapo wanaonicheka, na wacheke. Hujakosa kwa kutojua, kwa umri wako utajua kila kitu kwa njia gani? Ulikosa ulipolisema usilolijua kama unalijua, mtu akakuamini. Anayekuuliza anakukabidhi kitu chake. Kama hukiwezi, mrudishie upesi apeleke kwingine."

"Nimesikia, mama," Chiriku alijibu.

Siku hizi mafuta ya taa yanakaa kwenye debe lenye kifuniko, juu ya rafu ambayo hata Chiriku haifikii. Fundi anamsalimu, lakini hamwiti tena kumsimulia habari. Mama Kibonge hampi mtoto ambebe, na Chiriku hajathubutu kuomba.

Alasiri moja alipita pale na maji. Kibonge alimwona, akanyoosha mikono. "Ti..." alianza, kikohozi kikamkata. Alikohoa mpaka macho yakamtoka machozi. Baba yake aliacha tairi, akampigapiga mgongoni, kisha akainua uso.

"Chiriku," alisema, kwa sauti iliyochoka, kama mtu anayeuliza kwa sababu hana mwingine wa kumuuliza. "Hiki kikohozi kitaisha lini?"

Chiriku alitua ndoo. Angeweza kusema wiki ijayo. Angeweza kusema kitaisha tu, usijali, na fundi angependa kulisikia hilo.

"Sijui, Baba Kibonge."

Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa, akambeba mtoto begani.

"Haya," alisema. "Twende tukamuulize muuguzi."